Unga wa Mgeni

Nyumbani kwetu neno hedhi halikutamkwa. Mama aliiita "mgeni", na mgeni akifika msichana alitakiwa akae atulie, maana kukimbia siku hizo, alisema, ni kujitafutia maradhi. Leo nina watoto na nyumba yangu hapa mtaani Section 58, mama anaishi nami, na mpaka juzi sheria yake ilikuwa bado ikinitawala.

Nilipoanza kuhema nikipanda ngazi za kwangu, nilijiunga na kikundi cha akina mama wanaokimbia asubuhi mtaani. Alituongoza mwalimu mstaafu wa michezo, mzee mpole anayechukua kila neno kama lilivyo. Hamu yetu kubwa ilikuwa kukimbia mpaka kule Bahati, nje ya mji, na barabara hiyo inapanda kweli kweli. Kikundi kilienda mara mbili, na mara zote mbili nilimpigia mwalimu simu nikamwambia, "Pole, niko na mgeni." Wenzangu walirudi na viatu vya vumbi, wakisimulia. Niliwapongeza huku roho ikiniuma kwa wivu.

Safari ya tatu ilipokaribia, mwalimu alibisha hodi kwetu. Alikuwa amebeba unga wa uji na sukari.

"Mama, huyu msichana wako ako na wageni kila mwezi," alimwambia mama. "Nikaona hao watu lazima wakule. Nimeleta kitu kidogo."

Mama aliutazama ule unga, kisha akanitazama mimi. "Wageni gani?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini nilikuwa pia nimechoka, na kuchoka kulishinda aibu.

"Ni hedhi, mwalimu. Huyo mgeni ni hedhi."

Mzee alikuna kichwa. "Kumbe. Si ungesema tu? Wasichana wangu wa shule walikuwa wanakimbia nayo. Wa kuumwa na tumbo anatembea. Akisikia kizunguzungu, anakaa chini. Damu ikizidi ile ya kawaida, anaenda kuona daktari."

"Na huyu akishindwa huko njiani?" mama aliuliza kwa ukali.

"Tutakaa kando ya barabara, mimi na yeye, tungoje gari. Huyo mgeni aje tu na yeye."

 Mama alichukua unga akaupeleka jikoni.

Mgeni naye hana adabu. Alifika asubuhi ile ile ya safari. Nilioga maji ya moto, nikavaa chupi ya pamba, pedi mpya na taiti nyeusi, nikatia pedi nyingine mfukoni. Mama alinitazama nikifunga kamba za viatu. Niliogopa, na sikuogopa damu peke yake. Niliogopa kwamba mama ndiye atakuwa amesema kweli.

Mwanzoni tumbo lilinyonga, nikatembea. Kisha mwili ukapata joto, nikajaribu mbio za polepole, na yale maumivu yakaanza kulegea. Nilikasirika kidogo, kwa miaka yote niliyolala kitandani bila kujaribu hata kutembea. Kwenye kituo cha petroli niliomba choo nikabadilisha pedi, nikanywa maji, nikaendelea. Mlima wa mwisho ulinishinda kukimbia. Niliupanda kwa miguu, mwalimu nyuma yangu akizungumzia bei ya viazi, wenzangu wakiwa wameshatoweka mbele.

Kule Bahati, kando ya barabara, mama alikuwa amekaa kwenye kibao na chupa ya chai mapajani. Alikuwa ametangulia kwa gari bila kumwambia mtu. Alinikagua kutoka kichwani mpaka viatuni, polepole.

"Mgeni je?"

"Nimekuja naye."

Alifungua ile chupa, akanimiminia kikombe cha uji wa moto, akanisogeza nikae karibu naye.

"Kunywa," alisema. "Ni unga wa mgeni."