Mwalimu Uweso na Kosa la Kuzaliwa Vanga

Mwalimu Uweso Jumbe alikulia Mabawa, mtaa mmoja nasi, na mimi nilifundisha naye shule moja. Alikuwa mtu wa maneno machache, ila akishika jambo haachii. Mwaka 1954 serikali ilitangaza nafasi ya kwenda kusoma Makerere kwa gharama yake. Uweso alifanya mtihani, akawa wa kwanza jimbo zima. Tukampikia pilau. Kumbe tulifurahi mapema.

Jibu lilikuja kwamba nafasi ni ya wenyeji wa Tanganyika tu, na yeye kazaliwa Vanga, ng'ambo ya mpaka, nchi ya Kenya.

Vanga! Wadigo wa huku na wa huko wanaoana, wanazikana, na mpaka huo wengi hawajauona ila kwenye ramani. Mama yake, Bi Mwamvua, aliolewa Mabawa akitokea huko. Mimba ya kwanza ilipokua alirudi kwao kujifungua, mikononi mwa mama yake mzazi, kama afanyavyo kila mke mwenye watu. Arubaini ilipokwisha akarudi kwa mumewe na mtoto mgongoni. Basi ugeni wa Uweso ndio huo, siku arubaini za kunyonya.

Akaandika Mombasa, kuomba nafasi ya upande wa Kenya. Wakamjibu kuwa baba yake ni mtu wa Tanganyika, akaombe kwao. Mimi damu ilinichemka, nikazitukana ofisi zote mbili. Yeye alikunja barua, akaenda kusahihisha madaftari.

Eliudi, karani wa ofisi ya elimu, alimtakia mema kwa kweli. Jioni moja akaja nyumbani kwao.

"Mwalimu, jaza fomu upya, andika Mabawa. Mama aape mbele ya hakimu, yaishe. Nani atafuatilia?"

Bi Mwamvua alikuwa tayari. Tangu jibu lile alikuwa halali usiku kwa kulia.

"Mwanangu, ni mimi niliyekuponza," akasema. "Ningejua, ningekuzalia hapa hapa kwa baba'ko."

"Mama, huna kosa. Ukiapa, utakuwa umekubali kwamba unalo. Mimi siendi kusoma kwa kiapo cha uongo cha mama yangu. Nitaomba tena."

Akaomba mwaka uliofuata, na mwingine, na mwingine, kila mara akiandika Vanga. Aliowashinda kwenye mtihani walikwenda wakarudi, mmoja akawa mkubwa wake kazini. Barazani wakaanza kumcheka. Hata mimi nilimwambia aache, maana nilikuwa nimechoka kuliko yeye.

Mwaka 1958 akaja Bwana Elimu mpya, Mwingereza kijana, akamwita ofisini. Nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi la mlangoni, masikio wazi.

"Mwalimu, kanuni unaijua. Kwa nini unarudi kila mwaka?"

"Kwa sababu mimi ni mwenyeji wa hapa, bwana. Na wewe, samahani, ulizaliwa wapi?"

Yule bwana akashangaa. "Bara Hindi. Baba yangu alikuwa na kazi huko."

"Kumbe wewe ni Mhindi."

"La! Baba yangu ni Mwingereza."

"Na baba yangu ni mtu wa Mabawa."

Eliudi alikuwa akipiga taipu, akaacha. Bwana Elimu masikio yalimwiva. Akavuta fomu ya Uweso, akaandika chini yake maneno mengi ya kupeleka Dar es Salaam.

Uweso akakubaliwa. Alikwenda Makerere na mvi za kwanza kichwani, akaketi darasa moja na vijana aliowafundisha hesabu, wala hakuona haya. Lakini walimpa yeye tu; kanuni waliiacha palepale. Mwaka uliofuata Asmahani, binti wa Maramba, upande wetu wa mpaka, aliyezaliwa kwa bibi yake Vanga, akakataliwa vilevile. Nilimwandikia Uweso habari hizo kwa uchungu mwingi. Jibu lake lilikuwa fupi.

"Mwambie asibadili kitu, aombe tena. Nikirudi nitakwenda naye mwenyewe."