Sifa za Neema Kwenye Fomu Yangu

Nakumbuka hata rangi ya zulia la siku ile, mwanangu, maana nililikodolea macho kwa hofu: kijani iliyopauka, kwenye korido ya chuo kimoja hapa Sydney. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeitwa kwenye usaili wa ufadhili wa masomo. Nakusimulia kwa sababu jana nilikuona ukijaza fomu yako ya chuo, na ulipofika penye mafanikio ya mdahalo, ukasita.

Tulikaa Granville, kitongoji cha Sydney, kwa mjomba wangu, mtu wa Tanga, aliyefanya kazi kwenye ghala moja kule Ingleburn. Nilikuwa kwenye timu ya mdahalo ya shule, lakini kama mtunza muda. Nilishika saa na kugonga kengele, basi. Nahodha alikuwa rafiki yangu Neema, Mkongomani wa mtaa jirani wa Guildford, ambaye akisimama kuzungumza hata walimu waliacha kunong'ona.

Mjomba aliamini mtu hajisifu mwenyewe, kama vile mchumba hajiposei bali hutuma mshenga. Kwa hiyo sifa zangu kwenye fomu ya ufadhili alizijaza yeye. Akaandika kwamba nahodha ni mimi, na fainali niliishinda mimi.

"Mjomba, mimi nilikuwa timekeeper tu."

"Timu ikishinda, wote mmeshinda. Weka sahihi."

Nikaweka. Nisimsingizie mzee wa watu. Nami nilifurahi kujisoma nikiwa mkubwa vile. Hofu ilinianza barua ya usaili ilipofika. Kila simu ilipolia nilidhani shule imejua.

Waliokaa kunisaili walikuwa watatu. Wakauliza wapinzani walitoa hoja gani nzito kwenye fainali, na niliijibuje. Nikajibu, maana siku ile nilisikiliza yote nikiwa na saa mkononi. Nilijibu kwa maneno ya Neema, neno kwa neno, nao wakaridhika.

Kutoka nje, nikamkuta Neema amekaa, zamu yake inafuata. Sikujua kwamba naye ameomba. Akanishika mkono, akanitakia heri. Ningeweza kusema pale pale, nikamwacha aingie.

Alitoka macho mekundu. "Baliniuliza nani alinifundisha hadithi yako," akaniambia kwa Kiswahili cha kwao; waliomsaili walidhani yeye ndiye aliyeiga maneno yangu.

Nikarudi, mwanangu, nikabisha mlango ule, nikasema yote. Jina langu likafutwa. Neema akapata nafasi, na kunisamehe kulimchukua muda mrefu. Hilo liliniuma kuliko kukosa chuo mwaka ule.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuniambia kwamba mwishoni mwake huenda amekaa rafiki yangu.

Basi andika ulichokifanya. Kama ulikuwa msemaji wa tatu, andika wa tatu, na ueleze ulichojifunza pale, kuna mengi. Mpe mwalimu wako wa mdahalo asome kabla hujatuma. Mimi pia nitakusomea, lakini nikianza kukutilia chumvi unikatalie, maana sisi wazee mapenzi hututia upofu. Na neno lolote usiloweza kulisoma mbele ya timu yako nzima, lifute.

Mungu akujalie nafasi iliyo yako, mwanangu, na ukitoka kwenye usaili, uweze kumtazama machoni anayeingia baada yako.