Mikono Miwili ya Mbunge

Mbunge wetu alikuwa akikusalimu kwa mikono miwili, huku macho yake yameshamfikia aliye nyuma yako. Mwezi Mei, kwenye karamu ya samaki kanisani kwetu Bronx, alimshika hivyohivyo Bi Rosalba wa ghorofa ya tano.

“Mumeo, Mzee Carmine, hajambo?”

“Yuko kulekule makaburini ulikopeleka shada, mwanangu.”

Akacheka, akapita. Lifti yetu ilikuwa mbovu tangu Pasaka, na binti aliyeshindana naye katika mchujo wa chama alishazipanda ngazi zile mara tatu, akakaa, akanywa kahawa. Jumanne ya mchujo, mwezi Juni, tukampa binti kura, akashinda. Jumatano nilimkuta mbunge mlangoni pa ofisi yake, akaninyooshea mikono yote miwili. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Akanitazama usoni, akaniuliza naitwa nani. Nimemnyoa miaka kumi na tisa.