Kaptula yangu na mama muuza maziwa

Wadau, leo magoti yangu yamesimamisha soko zima la Garissa!

Nilikuwa naenda kazini kwa baiskeli, nimevaa kaptula kwa sababu ya jua, ingawa huku mwanamume kuonyesha magoti ni aibu.
(Na miguu ninayo, acheni wivu.)

Mama muuza maziwa akapaza sauti: "Warya, wewe kijana! Suruali umemwachia mama yako?"
Akanirushia macawis ya mwanawe, ile shuka ya wanaume, nijifunge kiunoni.

Sikufika mbali. Shuka ikanaswa kwenye cheni, nikaanguka puu!

Watu wakacheka.
Mama akaniinua: "Chai umekunywa, wewe?"

Tangu nihamie huku peke yangu, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Shuka nimeifua, nimeishona. Kesho naipeleka, nikiwa na kaptula ileile.
Asiponigombeza, nitaumia.

Nyinyi huko, nani huwagombeza?