Lenzi Ndefu ya Leshan

Mtu mwenye studio ya chumba kimoja hanunui lenzi ndefu. Nilimwambia hivyo Leshan mbele ya muuzaji, nikamwambia tena kwenye basi, na kwa miezi mitatu iliyofuata nilimwambia kila asubuhi kabla sijatia uzi kwenye sindano.

Mimi ni Cornel, fundi cherehani, barabara ya stesheni hapa Kilosa. Ukuta wangu wa kushoto ndio wake wa kulia. Leshan ni Mmasai aliyewaachia ndugu zake ng'ombe akaja mjini kupiga watu picha, ila fimbo hakuiacha. Anaenda nayo posta, anaenda nayo kanisani, na akiwa hana mteja anasimama mlangoni kwa mguu mmoja ameiegemea, utadhani anachunga baiskeli zinazopita.

Mwaka 2006 kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, cha Japani, cha Dubai, kipya na kilichotumika. Wateja walishaonja dijitali Morogoro, na hawakutaka tena kusubiri filamu ya picha thelathini na sita iishe ndipo ikasafishwe. Leshan akauza madume mawili na kamera yake ya zamani, akaniomba nimsindikize Dar es Salaam. Alisema mimi ni mjanja wa kupatana bei. Ni kweli.

Muuzaji aliitwa Lupakisyo, na kilichoniuma baadaye ni kwamba alikuwa mkweli kabisa. Alituambia tusibabaishwe na hesabu za megapikseli, sita zinamtosha mtu wa pasipoti na kipaimara. Mwili wa kamera ni uleule, alisema, cha kuchagua ni kioo cha mbele. Akaweka lenzi mbili mezani. Fupi ni nyepesi na inameza chumba kizima, bibi harusi na wapambe wake wote. Ndefu inavuta kilicho mbali, lakini ni nzito, inataka mwanga mwingi, inatikisika mkononi, na ndani ya chumba kidogo ni mateso. Fedha zilitosha moja tu. Akauliza mzee anapiga zaidi picha za nini. Nilijibu mimi: pasipoti, harusi, watoto wa ubatizo.

 Leshan alichukua ile ndefu, akaenda nayo mlangoni, akaielekeza ng'ambo ya barabara kwa mama mmoja aliyekuwa akimenya machungwa. Alimtazama mpaka nikaona aibu. Kisha akarudi akasema anachukua hiyo. Nilipomuuliza sababu akasema ni Mikumi, wanafunzi wanapelekwa kuona wanyama na yeye atawafuata.

Nilinuna mpaka Kilosa.

Sasa sikia tulivyoishi. Mtu wa pasipoti alikaa chini ya pazia la bluu, na Leshan akabana mgongo ukutani. Familia ikija, chumba hakikutosha. Aliwapanga ndani, akafungua milango yote miwili, akavuka mtaro, akavuka barabara, akapigia picha upande wa pili kwenye duka la mafuta ya taa. Ukitaka watu wacheke ilibidi mtu awapelekee habari, na mtu huyo nilikuwa mimi. Mbuzi walipita katikati. Kuna familia moja ya Chanzuru ina picha nzuri sana ya baba, mama, watoto wanne na pembe.

Mikumi alikwenda kweli. Picha za kwanza twiga alikuwa na shingo mbili kwa jinsi mkono ulivyotikisika. Mara ya pili alifunga kamera kwenye kichwa cha fimbo kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akasimama kama asimamavyo mlangoni, na picha zikatulia. Nilimsifu kidogo, kisha nikaendelea kumsema.

Siku moja mkewe, Naserian, alinikuta nikiwachekesha wateja kwa habari za lenzi hiyo. Hakucheka. Alivuta kigoda akaniambia habari ambayo mumewe hakutaka kuniambia.

Baba yake Naserian alifariki bila kupigwa picha hata moja, na siku hizi akijaribu kuukumbuka uso wake anapata kofia tu. Amebaki mama, Nkoile, anayeishi na mwanawe Lemomo, kaka yake Naserian, kwenye tambarare huko mbele ya Chanzuru. Lemomo ameamua kuhamia Lindi na ng'ombe wake kufuata majani, na masika yakiisha mama anaondoka naye. Ni mbali, na mama ni mzee. Naserian alishampiga picha yeye mwenyewe kwa ile kamera ya zamani, akiwa karibu, lakini mama alipoiona tu alikaza uso kama anasubiri sindano. Naserian alipoitazama picha alisema huyu siyo mama. Mpiga picha mgeni mama hamtaki. Na Leshan ni mkwe.

Hapo nilielewa. Kwao mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Mama akija njia hii, mkwe anashika ile. Salamu zinabebwa na watoto. Kwa miaka kumi na sita Leshan hajawahi kusimama mbele ya mwanamke yule wala kumtazama usoni, na yeye vilevile. Ndiyo heshima yenyewe, na wote wawili wanaishika bila mzaha. Mtu pekee anayejua kumngoja binadamu mpaka asahau kamera alikuwa ndiye asiyeruhusiwa kusogea.

Niliona haya. Nilimuuliza Leshan kwa nini hakuniambia tangu dukani, akasema ningemweleza Lupakisyo, na Lupakisyo angeniuliza maswali, na mimi ningeyajibu. 

Mama alipelekewa ombi, akakubali kwa sharti moja, kwamba mkwe asimame pale mkwe anaposimama. Tulikwenda asubuhi, mimi nikiwa mbeba begi. Leshan alihesabu hatua hamsini kutoka zizini, akachomeka fimbo, akafunga kamera. Kule mbele Nkoile alikaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, uso ni uleule wa kusubiri sindano. Nikasema moyoni tumekwisha.

Leshan hakupiga. Aliinua mguu mmoja, akaegemea, akawa anachunga. Saa nzima ikapita. Jua likapanda, mimi nikakaa chini, nikasimama, nikakaa tena. Mama alichoka kungoja, akaita aletewe kibuyu cha maziwa akaanza kukitikisa mapajani. Ndama mmoja akamjia kwa nyuma akaanza kutafuna pindo la nguo yake. Akageuka, akamvuta sikio, akacheka. Nilisikia kamera mara nne.

Kadi ya kamera ilipelekwa Morogoro ikarudi na picha kubwa. Tatu ndama alikuwa ameziba. Ya nne Naserian aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, akasema, "Huyu ndiye mama." Kisha akalia, na mimi nikakumbuka kuna suruali naishona.

Wiki moja kabla ya safari Lemomo alikuja studio na ujumbe. Mama ameipenda picha. Akaendelea kwa maneno ya mama mwenyewe:

"Mwambieni mkwe wangu naye anipe yake. Kaishi na binti yangu miaka yote hii na sijui anafanana na nani. Karatasi si mtu, karatasi nitaitazama."

Hapo ndipo tulipogundua kwamba mpiga picha wa Kilosa hana picha. Leshan alikaa chini ya pazia lake la bluu, akakaza uso vilevile kama mama mkwe wake. Naserian akavuka mtaro, akavuka barabara, akaiegemeza kamera kwenye fimbo, akangoja. Nilijitolea kumchekesha. Leshan akanitazama na kuniuliza kwa upole kama kweli nimevaa suruali yangu upande sahihi leo. Nikainama kuangalia. Yeye ndiye aliyecheka, na Naserian akabonyeza.

Siku ya lori tulikwenda kuwaaga. Ng'ombe walishatangulia na vijana. Nkoile alipandishwa mbele, dirishani. Leshan alisimama mbali, hatua zake hamsini, amebeba fimbo tupu. Lori lilipopita mbele yake aliinamisha kichwa, kama inavyotakiwa. Mama naye akageuzia uso upande wa dereva, kama inavyotakiwa.

Lakini mimi nilikuwa upande wa dirisha, nikauona mkono wake. Ulikuwa kifuani, juu ya nguo, umeishikilia ile picha ya mkwe wake isikunjike.