Niliishusha Resi, Rafiki Yangu Akakosa Mke

Mimi ndiye niliyeua injini ile. Si oili, si chuma kibovu, si mizimu ya ukoo wa mtu. Ni mimi, na sababu yenyewe naona aibu kuitaja: nilitaka kuchungulia.

Jina langu halina faida kwako. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nazunguka. Nimebeba marobota kwenye kiwanda cha pamba, nimeanika dagaa Lamadi, nimechunga ng'ombe za watu Meatu. Kila ninapofika lazima nijue kitu kinafanyaje kazi. Niliwahi kufukuzwa kazi kwa kufungua mizani ya tajiri, na sikuwa hata na nia ya kuiba.

Bariadi nilikutana na fundi mmoja, nitamwita Jilala. Rika langu, mtaratibu, hana ng'ombe hata mmoja. Alinipa pa kulala kwenye gereji yake, na maswali yangu yote alikuwa akiyajibu. "Wewe unauliza kuliko polisi," alikuwa akisema, kisha anajibu.

Jilala alimpenda Minza, binti wa mzee mmoja wa upande wa Bukundi. Mzee alikuwa na pikapu ya zamani, injini imekufa, imekaa juu ya mawe na kuku wanatagia ndani. Wakaelewana kwamba Jilala aifufue, na kazi hiyo ihesabiwe badala ya sehemu kubwa ya ng'ombe wa mahari.

Mzee akaweka sharti mbele ya ndugu zake. "Libebe pamba ya mwaka huu mpaka iishe. Likifika mwisho linatembea, Minza ni wako. Likifa kabla, tusilaumiane."

Jilala akakubali. Sijaona mtu akifanya kazi kama alivyoifanya ile. Kila bolti aliifuta kama kikombe cha mgeni. Ndani akaweka kemshafti mpya. Hicho ni chuma kirefu chenye nundu nundu, kikizunguka kila nundu inasukuma valvu ifunguke.

Asubuhi ya kuiwasha, pale pale nyumbani kwa mzee, alinishika bega.

"Sikiliza, maana wewe unapenda kujua. Nundu hizi zinarushiwa oili na krenki, ule mhimili mkubwa wa chini, ikizunguka kwa kasi. Leo zote ni mpya. Injini ikizunguka polepole, oili haizifikii vizuri, chuma kinasaga chuma. Kwa hiyo ikiwaka tu tunashika resi ya juu, injini ikimbie nusu saa, haishuki. Baada ya hapo hata ikikaa sailensa siku nzima haina neno."

Sailensa ni ule mngurumo wa polepole, gari limesimama na hakuna anayekanyaga mafuta. Nilielewa. Msiseme sikuelewa. Nilielewa vizuri kabisa.

Ikawaka. Jilala akaipandisha resi, uso umejaa furaha. Mzee mwenyewe alikuwa mnadani. Hazikupita dakika nyingi, mama yake Minza akatokea njiani na wanawake wenzake, wanatoka kanisani. Na katika familia ile mkwe hasimami uso kwa uso na mama mkwe kabla mahari haijaisha.

"Shika hapa," Jilala akaniambia. "Usishushe." Akaruka ua, akaenda kujibanza kule barabarani kwenye mashine ya kusaga. Wanawake wakacheka. "Mkwe kakimbia kama kaona fisi!" Wakapita zao.

Mama akanikaribia, kaziba sikio moja, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila."

"Mwadila, mayu," nikaitikia; mayu ni mama.

"Mbona linalia hivyo? Limeumia?"

"Halijaumia, mayu. Fundi kasema liwe hivi."

"Basi lipunguze kidogo tusalimiane. Watoto wanaogopa."

Ningeweza kukataa. Ningesema fundi kakataza, na yule mama ni mwelewa, angeondoka. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na jambo jingine. Tangu asubuhi nilitamani kuona valvu zikicheza, na kwa resi ya juu huwezi kufungua mfuniko wa oili, itakurukia usoni. Ikiwa sailensa unaweza.

Nikaishusha. Nilijiambia ni mara moja tu.

Nikafungua mfuniko, nikaweka jicho. Humo ndani vyuma vilikuwa vinadonoa kama kuku kwenye mtama, kimoja kinainuka kingine kinashuka, oili inatambaa juu yake inang'aa. Mama naye akaja kuchungulia, akasema, "Kumbe lina moyo." Tukakaa hapo tunaangalia na kuongea. Nilisahau muda. Nilipomwona Jilala anavuka barabara kurudi, na mama ameshaingia ndani, nikafunga mfuniko haraka, nikafuta oili kwa shati langu, nikaipandisha resi tena.

"Haikushuka?" akauliza.

"Haikushuka."

Neno moja. Alikuwa nje, na kelele za mashine ya kusaga zilimziba masikio. Aliyejua ni mama mkwe peke yake, na mila haimruhusu kuongea na Jilala.

Wiki za kwanza gari lilipiga kazi. Lilibeba pamba hadi kituoni, likarudi, watoto wakalikimbilia. Kisha siku moja, mimi nimekaa juu ya mzigo, nikausikia mlio. Tak, tak, tak. Mdogo sana, kama mtu anayegonga mlango hataki kuamsha nyumba nzima.

Jilala alikuwa ameshausikia. "Tapeti zimelegea," akasema, yaani vile vyuma vinavyopokea msukumo wa nundu. Akafunga nafasi ya valvu, mlio ukaisha. Baada ya safari chache ukarudi. Akafunga tena, ukarudi tena. Hapo nikaona ameacha kupiga mluzi akifanya kazi. Nafasi inayorudi kila ukiifunga maana yake kuna kitu kinaliwa, na yeye alijua, na mimi nilijua zaidi yake.

Minza aliniletea maji ya kunawa siku moja, akaniuliza bila kuniangalia, "Wewe unayejua kila kitu. Litamaliza pamba?"

"Litamaliza," nikasema.

Na mama yake siku hiyo hiyo akapita akacheka, "Lilikuwa linaimba vizuri siku ile ulivyolituliza." Jilala alikuwa chini ya gari, hatua chache tu kutoka hapo. Hakusikia, au alisikia asielewe.

Gari likaanza kukosa nguvu, linakohoa likipanda. Mwishowe Jilala akafungua kifuniko cha valvu, akanipa spana nizungushe injini kwa mkono, yeye anatazama. Chuma cha kwanza kikainuka. Cha pili kikainuka. Kimoja kikatikisika tu, hakikwenda popote.

Akamwaga oili kwenye beseni, akaitikisa kwenye jua. Ilikuwa na unga unaometameta. Akakaa chini.

Alipoitoa kemshafti, nundu ya chuma kile kisichoinuka ilikuwa imelika hadi imekuwa duara, na nyingine mbili zinaifuata. Akaipapasa kwa kidole kama anapapasa jeraha la mtoto.

Akachunguza kila kitu. Akanusa oili, akamshuku aliyemuuzia. Akapima springi za valvu, zilikuwa sawa. Akapuliza njia zote za oili, zilikuwa wazi. Kisha akaniangalia.

"Ndugu yangu, siku ile. Resi haikushuka hata kidogo? Hata kama ilishuka niambie tu, nitajua pa kuanzia. Nitamwambia mzee kosa ni la kuwasha, nitatafuta kemshafti nyingine, ataelewa."

Alinifungulia mlango kabisa. Nami nikasema, "Haikushuka, fundi. Naapa."

Mzee alituita jioni ile, pamba bado imejaa ghalani. Aliishika kemshafti mikononi muda mrefu.

"Chuma kipya," akasema. "Na hujui kimeliwa na nini?"

"Sijui, baba. Nimetafuta kila mahali."

"Kama fundi hajui, basi mimi najua. Masamva wa nyumba hii hawajataka. Sitagombana na wazee wangu waliolala kwa ajili ya gari." Hakupandisha sauti. Afadhali angetukana.

Ndani nilimsikia Minza akilia, na mama yake akimnyamazisha. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, nikayatafuna nikayameza. Minza ameshaolewa kwingine.

Lakini hilo silo linaloninyima raha zaidi. Jilala alinisindikiza stendi nilipoaga. Akanipa mkono, akasema kwa upole ule ule wa kunifundisha, "Nimefikiria sana. Nadhani resi ndiyo iliyoziua zile nundu. Nilizipiga mbio zikiwa bado changa. Siku hizi injini mpya naiacha sailensa kutwa nzima. Na wewe ukija kupata yako, fanya hivyo."

Nikasema, "Sawa, fundi."

Nikapanda basi. Nasikia yuko Kiloleli sasa, na watu wameanza kusema ana mkono mbaya, injini zake hazidumu.

Namba yake ninayo. Kila nikiibonyeza naikata kabla haijaita. Kwa hiyo naandika hapa. Kama unaishi pande hizo na una fundi mpole anayeacha injini mpya ingurume polepole tangu asubuhi, msomee haya: Ulikuwa sahihi. Resi ilishuka. Niliishusha mimi.

Na wewe uliyeachiwa kazi ya mtu mkononi, ukakosea, sema siku ile ile. Aliyekuamini akishindwa kuujua ukweli, atatafuta sababu nyingine, na hiyo ndiyo atakayoishi nayo.