Mara Mbili Mal-sun Alipokwenda Tamashani

Mke wa kaka mkubwa wa mume wangu anaitwa Pyo Mal-sun. Mimi ni mke wa mdogo mtu, kwa hiyo namwita dada, naye huniita Mama Jun-seo, au akikasirika, "wewe". Tumepika pamoja vyakula vya matambiko ya ukoo kwa miaka zaidi ya thelathini, na mtu uliyekaanga naye samaki wa wafu muda wote huo hawezi kukuficha mengi. Habari ya tamasha la kwanza alinipa mwaka mmoja tukipaka pilipili kabichi za kuhifadhi kwa majira ya baridi, mikono yetu myekundu hadi viwikoni. Habari ya la pili naijua vizuri zaidi, maana siku hiyo ndimi niliyebaki nyumbani na mume wake.

Mal-sun alikuwa na miaka kumi na saba, mfumaji katika kiwanda cha nguo mjini Daegu. Walilala bwenini, wasichana wengi chumba kimoja, na lango lilifunguliwa Jumapili tu, mchana, kwa kibali. Saa kumi na mbili jioni lilifungwa. Kiwandani mitambo ilipiga kelele hata wafumaji wakasahau kutumia masikio. Walizoea kusomana midomo. Mal-sun anasema alikaa mwaka mzima bila kusikia sauti yake mwenyewe isipokuwa wakati wa kula, na wakati wa kula hawakuruhusiwa kuongea.

Jumapili moja mwimbaji aliyeitwa Yang Tae-pung alikuja kuimba katika jumba la sinema karibu na stesheni. Picha yake ilikuwa imebandikwa kila nguzo ya mji, na kila msichana wa kiwanda alikuwa amesimama mbele ya nguzo mojawapo akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Mal-sun alikwenda na rafiki yake Geum-ja, aliyefanya kazi kwenye mtambo wa jirani. Walipofika tikiti zilikuwa zimekwisha.

"Turudi," akasema Mal-sun.

"Turudi wapi? Tukafue soksi?" akajibu Geum-ja. "Nyuma kuna dirisha la choo. Wewe mwembamba, tangulia."

Mal-sun alipenya kama mkunga. Geum-ja, aliyekuwa na nyama za kutosha, alikwama kiunoni, kichwa ndani, miguu nje. Mal-sun akamvuta mikono. Mama mfagiaji wa choo akaingia, akawaona, akampiga Geum-ja fagio la kichwa.

"Wezi nyie!"

"Shangazi, nipige ukinivuta!" Geum-ja akalia. "Nipige, lakini nivute!"

Mfagiaji akacheka mwenyewe, akaweka fagio chini, akashika mkono mmoja. Wawili hao wakamvuta hadi akaanguka sakafuni na kipande cha fremu.

Ndani ya ukumbi watu walikuwa wamesongamana hata mtu hakuweza kuinua mkono kujikuna. Mal-sun aliinuliwa na umati, miguu ikaacha kugusa chini. Mal-sun alimwona mwimbaji bega tu, bega lenye koti jeupe linalometameta, likitokea na kupotea kati ya vichwa. Lakini alipiga kelele. Alipiga kelele kwa wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na katikati ya makelele ya wote aliisikia sauti yake, nyembamba na kali kuliko alivyodhani. "Nilishtuka," aliniambia. "Nilisema, kumbe huyu ndiye mimi?"

Watu walikataa kutoka. Mwimbaji akarudi jukwaani, akaimba tena, akarudi tena. Walipofika bwenini lango lilikuwa limefungwa zamani. Msimamizi wa bweni aliwaingiza kwa kuwashika masikio, mmoja kila mkono. Geum-ja alilia, akasamehewa. Mal-sun hakuweza kulia. Kila akijaribu kuinamisha uso, kicheko kilimtoka. Msimamizi alimtumia baba yake habari kijijini kwamba binti yake anakimbilia wanamuziki.

Baba alikuja na basi la asubuhi, kofia kichwani.

"Ulikwenda kutazama nini?"

"Mwimbaji, baba."

"Ulimwona?"

"Bega tu."

"Haya. Bega hilo limekupatia mume."

Majira ya kuchipua hayajaisha, Mal-sun aliolewa Yeongcheon, kwenye mashamba ya zabibu, na Dal-su, kifungua mimba wa nyumba yetu. Kuolewa na kifungua mimba ni kuolewa na wazee wake wote, walio hai na waliokufa. Mama mkwe wetu alikuwa mwanamke mwenye masikio makali. Dada akinong'ona wimbo akiosha mchele, sauti ilitoka chumba cha pili: "Mwanamke akiimba jikoni, wali huungua." Mimi nilikuja baadaye, nikakuta jiko kimya. Mama mkwe aliishi hadi miaka tisini na nne, na miaka ya mwisho dada ndiye aliyemlisha kwa kijiko na kumgeuza kitandani. Tulipomzika nilimwambia, "Dada, sasa utapumua." Haikupita miaka miwili Dal-su akapigwa na kiharusi katikati ya mizabibu, mkasi mkononi. Upande wa kushoto ukafa, ulimi ukawa mzito. Akili yote ilibaki, na ubishi pia.

Wakati huo ndipo televisheni ilipoanza kuonyesha mashindano ya waimbaji wa nyimbo za zamani, na kijana mmoja, Seo Ha-ram, akawashika wanawake wa rika letu moyo mzima. Dada alimtazama akiwa amesimama, kitambaa cha kufutia meza mkononi, kama mtu anayepita tu. Binti yake Eun-gyeong, anayefanya kazi benki mjini, aliliona hilo. Akapigana na kompyuta siku tikiti zilipotolewa, akapata moja tu, ya tamasha la Busan, mchana wa Jumamosi. Akamwandikisha mama yake katika kundi la mashabiki lenye basi lao.

"Na baba yako?" dada akauliza.

"Mama mdogo atakaa naye," Eun-gyeong akasema, bila kuniuliza. Nilikuwa nimeketi hapo hapo. Nikasema sawa.

Asubuhi ya siku hiyo dada alivaa jaketi la rangi ya anga lenye jina la Seo Ha-ram mgongoni. Dal-su alimtazama toka kiti chake cha magurudumu.

"Polisi wa barabarani," akasema.

"Baba Eun-gyeong, dawa zako ziko kwenye sahani. Supu Mama Jun-seo ataipasha."

"Saa ngapi unarudi?"

"Basi likirudi."

Kiongozi wa basi alikuwa mama mwenye duka la nyama, sauti kama ya mnadani. Njia nzima aliwafundisha mashabiki wapya wapi pa kuitikia: mwimbaji akivuta pumzi hapa, nyinyi mnataja jina lake, akimaliza mstari huu, mnasema tunakupenda. Dada alijaribu. Anasema midomo ilifunguka barabara, ila hakuna kilichotoka. Mama wa nyama akamwambia, "Usijali, ukimwona utabweka mwenyewe."

Kiti chake kilikuwa katikati ya safu ndefu, pazuri kabisa. Seo Ha-ram alipotokea, dada alimwona mzima, uso na miguu, na mara ya pili kwenye skrini, mkubwa kama nyumba. Wanawake walimzunguka kulia na kushoto wakiitikia kwa pamoja, tochi za rangi mikononi. Alikuwa amekaa kwenye kiti laini, hakuna aliyemkanyaga, na midomo yake ilifunguka bila sauti, kama kiwandani. Wimbo wa kwanza ukapita, na wa pili. Wa tatu, anasema, alihisi kitu kinaanza kusogea kifuani. Hapo simu ikatetema mfukoni mwake.

Sasa nisimulie upande wangu. Nilikuwa nimetoka uani kuanua nguo. Niliporudi, Dal-su alikuwa na simu sikioni kwa ule mkono wake mzima.

"Shemeji, unampigia nani?"

Akaninyamazisha kwa jicho. Simu ilipokewa, nami nikasikia kelele za muziki zikimwagika toka ndani yake. Dal-su akasema neno moja: "Njoo." Akakata.

Dada aliposikia neno hilo aliinuka. Alipita mbele ya magoti ya safu nzima, akiomba radhi, akivurugia watu wimbo wao. Mwanamke mmoja akamwambia, "Bibi, choo si kingesubiri?" Alishuka ngazi, akapita mlango, akapita mlango mwingine, akatoka hadi nje kwenye mwanga wa jua, maana ndani asingesikia zaidi ya neno lile. Akapiga. Dal-su akapokea.

"Kuna nini? Umeanguka?"

"Supu."

"Supu imekufanya nini?"

"Haina chumvi."

Mimi nikamnyang'anya simu. "Dada, usimsikilize! Daktari ndiye aliyekataza chumvi, si mimi! Rudi ukakae!"

Alirudi mlangoni. Mlinzi alikuwa mwanamke wa makamo, kofia imeshuka machoni.

"Mama, tikiti yako imeshachanwa. Ukitoka huingii tena."

"Nilitoka kupiga simu tu."

"Imeandikwa nyuma."

Dada akageuza tikiti. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa, na miwani ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa kitini.

"Mume wangu ni mgonjwa," akasema.

"Pole sana, mama. Nikikuruhusu wewe, wako wengi." Na kweli, pembeni walikuwapo watu wamekaa chini, wakingoja yeyote afungue.

Kurudi nyumbani hakuwezi, basi linaondoka na wote. Kuingia hakuwezi. Akaenda uwanja wa magari. Dereva, mzee Gu, alikuwa amelala na gazeti usoni.

"Mama, wamekufukuza? Umemrukia yule kijana?"

"Nimejifukuza."

"Lo! Na tikiti zenyewe watu wanauana." Akamsogezea wali uliokunjwa kwenye mwani, mke wake alikuwa amemfungia. "Kula. Mke wangu naye yuko humo ndani. Mwaka mzima ananipeleka huku na huku, mimi sijamwona huyo kijana hata mara moja. Naisikia ngoma tu."

Ilisikika, kweli: dudu, dudu, kupita ukuta, bila maneno. Kila mara watu walipoitikia, vioo vya basi vilitetemeka kidogo. Dada alikaa kiti cha mbele, jaketi limefungwa zipu hadi kidevuni. Simu ikatetema. Akaitazama. Ikatetema tena.

"Hupokei?" akauliza mzee Gu.

"Sina la kumwambia."

Kwetu huku Dal-su alibonyeza na kubonyeza. "Hapokei," akaniambia.

"Yuko tamashani, shemeji. Utamsikiaje mtu tamashani?"

"Huwa anapokea."

Supu hakuinywa. Akanitaka nimsukume hadi getini, akakaa pale akitazama barabara, na nilipomletea blanketi nikaona simu bado iko sikioni. Sijui nilitaka kumhurumia au kumzaba kibao. Basi lilipomshusha dada kwenye njia panda, jua lilikuwa bado halijazama.

"Umechelewa," akasema Dal-su.

"Sijachelewa. Wote tumerudi saa hii."

Alimsukuma ndani, akavua jaketi, akafunua sufuria, akaonja. "Mama Jun-seo, kweli haina chumvi," akasema, na sote watatu tukacheka, hata yeye Dal-su kwa ule upande wake mmoja wa uso. Nikadhani yamekwisha. Ndipo Dal-su aliposema: "Mara nyingine, na mimi."

Eun-gyeong alipoambiwa kwa simu alifurahi hata akalia. Tangu hapo kijiji kizima kinalisema hilo. Mke wa mwenyekiti wa kijiji amemwambia dada kwamba mume wake yeye hamfuati hata sokoni. Kwenye nyumba ambamo wazee wa kijiji hukutana mchana wanamwita bibi harusi. Dada huinamisha kichwa na kushukuru.

Juzi tulikuwa tukifunika mashada ya zabibu kwa mifuko ya karatasi, yeye safu ile, mimi hii, tukiongea kupitia majani. Nikamuuliza tamasha lipi lilikuwa bora. Alifunga mifuko hadi mwisho wa safu, ndipo akajibu.

"Lile la kwanza, msimamizi alinishika sikio, baba akanitoa mjini. Walinishika, nikatoka. Hili hakuna aliyenishika sikio. Neno moja tu, nikainuka kwa miguu yangu mwenyewe, Mama Jun-seo. Hata sikuuliza. Ndilo linaloniuma."

"Alikuwa mgonjwa, ungejuaje?"

"Ningekaa hadi wimbo uishe. Wimbo mmoja una urefu gani?"

Nikavuta mfuko mwingine. Nikauliza, "Na tamasha lake la Oktoba mtakwenda naye kweli?"

"Nitafanyaje? Nitamsukuma."

Jioni hiyo Eun-gyeong alipiga simu, akasema amepata nafasi mbili za kiti cha magurudumu, pembeni kabisa karibu na mlango, ili baba akijisikia vibaya watoke haraka. Akatuma ramani ya ukumbi. Dada alivaa miwani, akaitazama muda mrefu, kisha akauliza jambo moja tu: je, toka hapo jukwaa linaonekana?

"Linaonekana, mama. Kwa upande kidogo."

"Haya," akasema. "Lipia."